Man on Wire au Free Solo: rafiki yako umwekee ipi kwanza

Kila nikiombwa dokumentari ya kuangalia, "moja tu, na isiwe ya kulaza watu," majina mawili yananijia mdomoni kwa pamoja, Man on Wire ya 2008 na Free Solo ya 2018, na kila mara nabaki nimekwama maana sijui nianze na ipi. Zimepishana miaka kumi. Zote zilibeba Oscar ya dokumentari bora, zote ni stori ya mtu mmoja alieenda juu sana mahali ambapo akiteleza mara moja ndo basi tena, na wote wawili walitoka salama, hilo sio siri na wala sijakuharibia utamu kwa kukwambia. Ukizisikia hivyo unaweza kudhani ni stori ileile imepigwa mara mbili. Hapana jamani. Nimeziangalia mara nyingi na watu tofauti tofauti, saa nyingine naacha skrini naangalia sura za niliokaa nao, na nilichokuja kugundua ni kwamba ukimpa mtu isiyo yake anaizima dakika ya ishirini, na ubaya wa dokumentari ndo huo, mtu akishazima moja uliyomsifia sana basi ya pili hata umpigie magoti haangalii.

Kwa hiyo leo naziweka ubavu kwa ubavu, yoyote anaetaka kumpa rafiki yake kitu cha kukaa nacho kichwani achague mwenyewe.

Man on Wire, iliyoongozwa na James Marsh, ni ya Philippe Petit, Mfaransa. Mwaka 1968 akiwa kijana wa miaka 18 amekaa kwa daktari wa meno anasubiri zamu yake, akafungua gazeti akaona picha ya minara miwili itakayojengwa New York, minara yenyewe haijasimama bado, na palepale akaamua siku moja atafunga waya katikati yake atembee. Miaka 6 alilea hilo wazo. Katikati akajipima kwingine, 1971 akatembea juu ya waya kati ya minara ya kanisa la Notre-Dame kule Paris, 1973 kwenye daraja la bandari ya Sydney, kote huko bila kibali cha mtu yoyote. Alafu asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1974, zimebaki siku chache atimize miaka 25, akaweka mguu kwenye waya uliofungwa kati ya paa la mnara mmoja wa World Trade Center na paa la mwenzake, zaidi ya mita 400 kutoka chini, hana kamba wala neti, ana ile fito ndefu tu ya kujisawazisha. Akakaa kule juu kama dakika 45. Yaani hakuvuka akamaliza, alienda akarudi mara 8 hivi, akapiga goti, akalala chali juu ya waya, polisi wako pande zote mbili wanamngoja, na yeye anawakaribia mpaka karibu wamshike alafu anageuka anarudi katikati.

Free Solo imeongozwa na Elizabeth Chai Vasarhelyi na mumewe Jimmy Chin, na ni ya Alex Honnold, Mmarekani ambae miaka hiyo alikuwa anaishi ndani ya gari lake karibu na miamba anayoipanda. Tarehe 3 Juni 2017, akiwa na miaka 31, alipanda El Capitan, ule ukuta wa jiwe ulioko Yosemite kule California, mita 900 hivi kutoka chini hadi juu, peke yake bila kamba hata moja, ana viatu vya kupandia na kifuko cha chaki kiunoni basi. Saa 3 na dakika 56. Wapandaji wengi wakiwa na kamba na vifaa vyote wanachukua siku kadhaa pale, wanalala wakining'inia ukutani.

Sasa tofauti kubwa ya kwanza, na hii ndo inaamua karibu kila kitu kingine, ni kamera.

Siku ile ya Petit hakuna kamera ya sinema iliyomfuata kwenye waya. Unachokiona kwenye filamu ni picha za mnato, nyeusi na nyeupe na za rangi, kamtu kadogo keusi katikati ya anga lenye ukungu, na basi. Kwa hiyo muongozaji alikuwa na dokumentari ambayo tukio lake kubwa kabisa halina video, ebu fikiria hilo, na badala ya kulia akageuza stori nzima ikawa kama filamu ya wizi wa benki. Wanapanga. Wanaingia kwenye jengo na vitambulisho vya uongo, wanajifanya waandishi wa habari ili wapande paani wapime upepo na kuhesabu walinzi. Kuna mtu wao anafanya kazi humohumo ndani, ghorofa ya 82. Kuna kipindi Petit amekanyaga msumari anatembea na magongo, anagundua kwamba mtu mwenye magongo haulizwi kitambulisho, walinzi wenyewe ndo wanamfungulia milango. Usiku wa kuamkia siku yenyewe wamejificha chini ya turubai masaa mazima hawajikohozi maana mlinzi yuko hatua chache kutoka hapo. Alafu namna walivyopitisha waya kutoka mnara hadi mnara, rafiki yake amesimama kwenye paa lile anarusha mshale wenye mshipi wa kuvulia samaki, giza totoro, Petit huku hauoni, anavua nguo zote ili mshipi ukimgusa ngozi aujue. Akaupata hivyo. Kwa mshipi wakavuta kamba, kwa kamba wakavuta kamba nene zaidi, mpaka waya wa chuma wenye uzito wa kama kilo 200, na waya ukawashinda ukazama katikati ya minara wakabaki wanauvuta kwa mikono mpaka kunakaribia kucha.

Hiyo yote unasimuliwa na wenyewe, wazee sasa, wamekaa wanaongea, na matukio mengine yameigizwa upya, mengine ni filamu halisi ya zamani ya wao wakiwa vijana shambani Ufaransa, Petit anafanya mazoezi juu ya waya na marafiki zake wanautikisa kwa nguvu kumuigizia upepo. Hizo za shambani nazipenda kuliko kitu chochote kwenye hiyo filamu. Wanacheka sana. Utadhani watoto.

Free Solo ni kinyume chake kabisa, hapo kamera ziko kila kona. Jimmy Chin mwenyewe ni mpanda miamba mzoefu na timu yake yote ni wapanda miamba, wananing'inia na kamba zao huku wakimpiga picha mtu asie na kamba, na kila mmoja wao ni rafiki yake Honnold. Kwa hiyo unaona vidole. Unaona kidole gumba kikikandamiza kipande cha jiwe ambacho mimi nisingekiona hata nikioneshwa. Kuna sehemu moja ukutani wapandaji wanaiita Boulder Problem, mamia ya mita kutoka chini, ambapo lazima abadilishe kidole gumba kwa kidole gumba alafu arushe mguu wa kushoto pembeni kama mtu wa karate mpaka uguse ukuta wa upande wa pili, na kabla ya hapo umeshamuona akiijaribu kwa kamba, umeshamuona akianguka, kwa hiyo unajua kabisa nini kinaweza kutokea. Pale waliweka kamera za kuendeshwa kwa mbali ili asiwepo mshika kamera karibu wa kumtoa mawazo. Na kule chini kuna mshika kamera mmoja mwenye lenzi ndefu, Mikey Schaefer, kazi yake ni kuangalia, na hawezi kuangalia, anageuza uso, anaangalia pembeni, kamera inaendelea kurekodi yenyewe. Hapo ndo kila niliekaa nae kuangalia huwa anashika kitu, wengine mto wa kochi, wengine mkono wangu.

Kwa hiyo kama unataka mwili wako uitikie, viganja vitoe jasho, tumbo likaze, Free Solo haina mpinzani. Mtu unajua yuko hai, umemuona kwenye mahojiano, unajua amefika, na bado unabana pumzi. Man on Wire haikufanyii hivyo, labda kidogo pale kwenye kujificha chini ya turubai. Yenyewe inaanza kama mchezo alafu inakuja kukukamata mwishoni kabisa mahali ambapo hukutegemea, na inakaa. Mi Free Solo nikiimaliza natembea tembea nyumbani nusu saa siwezi kukaa, kesho yake nimerudi kawaida. Man on Wire nikiimaliza nakaa kimya, na wiki mbili baadae naosha vyombo nakumbuka sura ya mtu mmoja mle ndani.

Huyo mtu ni Jean-Louis Blondeau, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo sababu yangu ya kuandika hii yote.

Ukiziangalia vizuri filamu zote mbili zinahusu marafiki. Mtu wa juu ndo anaonekana kwenye bango la filamu lakini swali linalokutafuna ni la walioko pembeni yake: rafiki yako amekuja kakwambia anataka kufanya kitu ambacho kinaweza kumuua, kitu ambacho hakina faida yoyote ya kuhesabika, na anakuomba umsaidie. Unasema nini? Ukikataa atafanya bila wewe na pengine kukosekana kwako ndo kutamuua. Ukikubali, akianguka utaishije?

Blondeau ni rafiki wa Petit wa toka utotoni. Ndie aliekuwa anauliza maswali magumu, waya utafungwa vipi, nyaya za kuuzuia usiyumbe ziko wapi, nani amehakikisha, na ndie alierusha ule mshale. Kwenye filamu anasimulia vizuri tu, mtu makini, hana mbwembwe, mpaka anafika pale ambapo Petit ametembea na kila kitu kimefanikiwa. Analia. Sio kwa furaha peke yake. Maana baada ya siku ile kundi lilikufa, Petit akawa maarufu usiku mmoja, dunia nzima inamtaka, na wale waliobeba kilo 200 usiku kucha hawakuwa na nafasi tena katika hayo maisha. Mpenzi wake Annie, aliekuwa nae miaka yote ya mazoezi, anaongea kuhusu kuachana kwao kwa utulivu ambao mimi unaniuma kuliko angepiga kelele. Ndoto ilitimia na ilikula urafiki. Hakuna mtu kwenye filamu anakufafanulia hilo, hakuna sauti ya msimulizi ya kukwambia ujisikie vipi, unaachiwa tu uso wa mzee anaejaribu kumalizia sentensi na inamshinda.

Kwenye Free Solo swali hilo linaulizwa waziwazi, na hilo naliheshimu sana. Jimmy Chin anakaa mbele ya kamera anasema kabisa wasiwasi wake, kwamba kuwepo kwao kunaweza kumfanya Honnold ajisukume siku ambayo alitakiwa arudi, au mshika kamera akaangusha kitu kidogo tu na rafiki yao akafa mbele ya lenzi yao. Na kweli msimu wa vuli wa 2016 Honnold alianza kupanda gizani akafika mahali akasema hapana, akarudi chini. Watu wengi wanaisahau hiyo sehemu. Mi naona ndo sehemu ya kishujaa kuliko zote, watu wote wamejipanga, kamera zimewashwa, pesa zimetumika, na mtu anasema leo sijisikii, na hakuna hata rafiki mmoja anaemwambia jikaze. Alafu kuna Sanni, mpenzi wake, msichana mchangamfu anaempenda mtu ambae hawezi kumuahidi kwamba atajitahidi kuishi kwa ajili yake. Kuna mazungumzo yao mle ndani ya gari ni magumu kuyasikiliza. Wengine niliowaonesha wanamchukia Honnold kuanzia hapo, wanasema hana utu. Mi sikubaliani, naona ni mtu mkweli kupita kiasi, ila ni kweli kwamba ukimpa hii filamu rafiki aliyetoka kuachwa juzi na mtu asieonesha hisia, atagombana na skrini dakika zote mia. Usimpe.

Kuna pia kile kipande cha ubongo. Wanamuingiza Honnold kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wanamuonesha picha za kutisha ambazo watu wa kawaida amigdala yao, ile sehemu ndogo inayoshughulika na hofu, ingewaka, na yake imetulia tu. Rafiki mwenye kupenda sayansi atang'ang'ania hapo. Mimi binafsi naona filamu yenyewe inajibu vizuri zaidi kuliko ile mashine, maana inakuonesha daftari zake, ameandika kila hatua ya mwamba, mguu huu hapa mkono ule pale, amerudia kwa kamba mara nyingi mno mpaka mwili umekariri, na hofu ameipunguza kwa kazi. Petit nae vilevile, miaka 6, michoro, helikopta aliyokodi ili apige picha za paa kutoka angani. Ukimpa kijana yoyote hizi filamu muoneshe hiyo sehemu, maana kuna watakaoona zile dakika za mwisho tu.

Kwenye tabia ya wahusika ndo zinaachana kabisa. Petit anaongea kwa mikono, kwa macho, anaruka kwenye kiti, anaigiza mlinzi, anajificha nyuma ya pazia, ni mtu wa jukwaani toka moyoni. Siku ya Oscar yenyewe alipanda jukwaani akasimamisha ile sanamu kwenye kidevu. Wapo watakaompenda dakika ya kwanza, na wapo watakaosema huyu mbona anajipenda sana. Honnold anaongea kama anasoma orodha ya vitu, sauti haipandi haishuki, na baada ya kufika juu anasema amefurahi kwa sauti ambayo wewe ungeitumia kusema umepata siti, ila macho yake yanakwambia yote. Rafiki anaependa maneno na visa mpe Petit. Rafiki mkimya, mwenye kuhangaika na kitu kimoja mwaka mzima, awe mwanariadha au fundi au mtu wa kompyuta, mpe Honnold, atajiona. Nilimpa jamaa yangu mmoja wa aina hiyo, hakunijibu siku tatu, alafu akanitumia meseji ya mstari mmoja kwamba kwa mara ya kwanza ameona mtu anaewaza kama yeye. Hiyo meseji bado ninayo.

Jambo lingine ambalo lazima niliseme kuhusu Man on Wire ni minara yenyewe. Filamu ilitoka 2008, miaka 7 tu baada ya minara ile kuanguka Septemba 2001, na katika saa moja na nusu yote haitajwi hata mara moja. Hakuna neno, hakuna picha ya moshi. Badala yake unaiona ikijengwa, shimo kubwa, vyuma vinapandishwa, wafanyakazi wanatembea juu ya mihimili, na wewe mtazamaji unaleta huzuni yako mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilipoiangalia nilikuwa nasubiri waseme, nasubiri, wakamaliza hawajasema, na nikaelewa kwamba kutosema ndo ilikuwa heshima. Sijaona dokumentari nyingine iliyonyamaza vizuri namna ile. Kama rafiki yako ana umri wa kuikumbuka siku ile, mwambie mapema kwamba filamu haihusu hilo, akae kwa amani.

Kuna mambo madogo madogo ya kuangalia kabla hujamtumia mtu. Man on Wire ina watu wanaoongea Kifaransa, kwa hiyo kuna sabutaito za kusoma, mtu anaependa kuangalia huku anachezea simu atapotea njia. Ina pia kipande kifupi cha kuigiza chenye utupu, baada ya Petit kuachiwa na polisi, kwa hiyo kama mpango ni kukaa na wazazi au wakwe, jua hilo. Free Solo ina matusi kidogo ya watu wakiogopa, na kuna habari za vifo vya wapandaji wengine, akiwemo Ueli Steck wa Uswisi aliefariki Aprili 2017, mwezi mmoja na kidogo kabla ya siku yenyewe, linapita haraka lakini linauma. Free Solo inataka skrini kubwa, kwa simu unaipunguza sana, ule ukuta lazima ukuzidi macho. Man on Wire hata kwenye simu kitandani inakwenda, maana utamu wake uko kwenye simulizi na nyuso, pamoja na muziki, ule wa Michael Nyman na piano ya Erik Satie wakati zile picha za mnato zinapita moja moja. Mtu anatembea angani na piano inatembea nae polepole. Sina cha kuongeza hapo.

Na kama rafiki yako ni wa kuogopa urefu kweli kweli, sio kuogopa kwa kawaida, namaanisha yule ambae dirisha la ghorofa tu linamtoa kijasho, zote mbili achana nazo. Nilishalazimisha mara moja, mtu akatoka chumbani katikati ya Free Solo akakaa nje mpaka ikaisha, na sikujisikia vizuri. Wa hivyo nampa My Octopus Teacher ya 2020, mzamiaji Craig Foster wa Afrika Kusini anamtembelea pweza mmoja kila siku karibu mwaka mzima kwenye misitu ya mwani ya False Bay, bila mtungi wa hewa, papa anamng'oa pweza mkono mmoja na unaona mkono ukiota upya. Ni ya taratibu na inaumiza kwa upole. Au Searching for Sugar Man ya 2012, ya mwanamuziki Rodriguez wa Detroit ambae albamu zake mbili za mwanzoni mwa miaka ya 1970 hazikuuza kwao huku Afrika Kusini zikiimbwa na watu wengi, na mashabiki wenyewe walikuwa wanaamini alishakufa. Hiyo ni tamu sana ila nikimpa mtu huwa namwambia ukweli mmoja akishamaliza: filamu imeruka kwamba Rodriguez alishapiga shoo Australia mwaka 1979 na 1981, kwa hiyo ule usahaulifu haukuwa mkubwa kama inavyooneshwa. Wengine wanakasirika wakisikia, mimi bado naipenda, ila rafiki anastahili kujua.

Turudi kwa zetu mbili. Kwa mtu ambae hajawahi kumaliza dokumentari yoyote, anaesema ni mambo ya darasani, naanza na Free Solo, maana haimpi nafasi ya kuchoka, kila akitaka kupoteza umakini kuna mtu yuko ukutani. Kwa mtu anaeangalia filamu nyingi, anaejua namna stori zinavyojengwa, naanza na Man on Wire, ataona jinsi mtu alivyotengeneza taharuki bila video ya tukio lenyewe na atakushukuru. Mkiwa wengi na kelele, Free Solo. Mkiwa wawili usiku, Man on Wire. Na mkiwa na usiku mbili mfululizo basi fanyeni kama tulivyofanya sisi mara ya mwisho, usiku wa kwanza Free Solo ili mwili uchoke, usiku wa pili Man on Wire, na usimwambie mtu chochote kuhusu Blondeau, muache amkute mwenyewe.

Ukiniuliza mimi nabaki na ipi kama ni lazima nibaki na moja, ni Man on Wire, na sio kwa sababu Petit alifanya kitu kikubwa kuliko Honnold, sidhani hata kama vinapimika. Ni kwa sababu baada ya kuiangalia mara ya kwanza nilimpigia simu rafiki yangu mmoja wa zamani, mtu alienisaidia sana kipindi fulani nikiwa nahangaika na mambo yangu, na ambae nilivyofanikiwa nilimuacha tu hivihivi bila ugomvi wala neno. Ilikuwa imepita miaka minne. Alipokea, tukaongea mpaka salio likaisha, na kabla halijaisha akaniuliza, "sasa hiyo filamu unayoniambia inaitwaje?"